Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mashujaa: askari mlimkalisha hema la wajane

Waheshimiwa wakubwa zetu, kuanzia wizarani mpaka huku wilayani, nyie mnaopanga shughuli ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai na nyie mnaotunza majina ya waliopigana vita vya Kagera, shikamooni. Nawaandikia kutoka Uyole, Mbeya, saa hizi za asubuhi baridi imekaza mpaka vidole vinagoma, ila nimeona nisipoandika leo hasira itaisha na nikishapoa najijua, sitaandika tena.

Bibi yetu mzaa mama ametutoka. Tumeshamaliza matanga, ndugu wa Njombe wamesharudi kwao, masufuria ya watu tumesharudisha, sasa ndo tumebaki na sanduku lake la bati. Ndani kuna kombati moja imefifia imekuwa rangi ya majani makavu, medali yake ya vita imefungwa kwenye leso, na daftari la shule lile lenye meza ya kuzidisha nyuma. Hilo daftari nitalirudia, ndo hasa limenifanya niandike.

Kwanza hili la hema. Sitataja uwanja wala mwaka maana sitaki mtu afukuzwe kazi, hata bibi mwenyewe asingependa. Tulimpeleka kwenye sherehe ya Mashujaa, kavaa kitenge kipya na koti la sweta, medali kaibandika kifuani kushoto kama inavyotakiwa. Pale getini kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, heshima zote, shikamoo bibi, karibu bibi, akamshika mkono akampeleka hema la wajane. Nikamwambia kaka huyu hajaja kwa ajili ya mume, mume wake alikuwa fundi seremala na hata bunduki hajawahi kuishika. Kijana akaangalia karatasi yake, akasema dada hapa nina wapiganaji na nina wajane, wapiganaji ni wazee wale pale. Kweli nikaangalia kule kwa wapiganaji, wazee wa kiume watupu, makoti na kofia. Bibi akanivuta mkono akasema kaa kuruta, jua linatuchoma. Akakaa na wajane mpaka mwisho. Gwaride lilipopita yeye peke yake kwenye lile hema alisimama wima mikono ubavuni, mama mmoja nyuma akamwambia keti bibi tunaona migongo tu.

Kuruta alikuwa anatuita wajukuu wote. Ukichelewa kuamka wewe kuruta, ukiunguza maharage wewe kuruta mjinga. Saa kumi za usiku yupo macho, blanketi limekunjwa pembe nne utafikiri limepigwa pasi, na hapo ni mwanamke wa miaka 67 mwenye magoti mabovu. Majirani walidhani ni ukali wa Kibena tu (na Wabena wanisamehe, mimi mwenyewe nusu Mbena).

Sasa nyie mnaweza kusema wanawake walikuwa wangapi hata huko vitani, si walikuwa wapishi. Hili ndo nimelisikia mpaka kwenye ofisi moja niliyokwenda kufuatilia, afisa anacheka kidogo anasema aah bibi yako atakuwa alikuwa anapika. Haya, hata angekuwa anapika, nani kawaambia jeshi linatembea kutoka Kagera mpaka Kampala bila kula? Ila hakuwa anapika. Ngoja niwaeleze kama alivyotueleza yeye, kwa vipande vipande maana hakuwa mtu wa kusimulia akaendelea, ulikuwa unapata kidogo wakati mnamenya viazi alafu ananyamaza.

Alikwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga mwaka 1976, binti wa miaka 19 aliyetoka kijijini Njombe huko karibu na Mdandu. Kwa nini JKT, anasema kwa sababu ya viatu. Hakuwahi kumiliki viatu vyake mwenyewe na akasikia kule wanagawa buti. Baba yake akagoma, mama yake akampa nauli kwa siri. Pale Mafinga akafundishwa kwata, akalima sana, alafu akachaguliwa mafunzo ya huduma ya kwanza na kuhudumia majeruhi kwa sababu mwandiko wake ulikuwa unasomeka. Ndo maisha yalivyo, viatu na mwandiko.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amini wa Uganda yakavamia, yakachukua eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, kiwanda cha sukari kikaporwa, na tarehe 1 Novemba nduli akatangaza kwamba ile ardhi ni yake. Daraja la Kyaka nalo likalipuliwa siku hizo hizo. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaongea na wazee wa Dar es Salaam, ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, ambayo hata nyie waheshimiwa huwa mnaipiga kwenye spika kila mwaka. Bibi aliisikilizia kwenye redio ya mkulima kambini, vijana wamejaa mpaka nje dirishani. Anasema wavulana walishangilia, yeye alikuwa anahesabu bandeji kichwani. Jeshi letu lilikuwa dogo wakati ule, kwa hiyo wakachukuliwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT wakaingizwa, na yeye akiwemo.

Safari yake sasa. Lori kutoka Mafinga, Kitonga ile kona kwa kona watu wanatapika mpaka Morogoro, hapo wakapanda treni ya reli ya kati mpaka Mwanza, alafu meli kuvuka ziwa kwenda Bukoba. Hakuwahi kuona maji mengi namna ile, alikuwa anajua mto Mbarali basi. Usiku kucha ameshika chuma cha meli anasali. Karatasi yake ya kupangiwa imeandikwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, maana ndivyo Kagera ilivyokuwa inaitwa, jina la Kagera limekuja baada ya vita mwaka 1979. Kumbukeni hilo jina la Ziwa Magharibi, nitalirudia.

Yeye hakupiga risasi na hakuwahi kusema alipiga. Kazi yake ilikuwa kituo cha majeruhi, nyuma ya mstari ila sio nyuma sana, na mstari ukisogea na wao wanasogea. Januari 1979 jeshi likaichukua Mutukula pale mpakani, wao nyuma. Masaka ikaangushwa tarehe 24 Februari, na ya Masaka hakupenda kuyasimulia kabisa, alisema tu mji ulikuwa umelala chini. Mwezi Machi ndo Lukaya, pale kwenye kinamasi, Walibya wameshakuja kumsaidia Amini, brigedi yetu moja ikayumba usiku ule ikabidi ijipange upya. Bibi alikuwa anasema habari za Lukaya kwa harufu. Matope, iodini, na ndizi mbivu. Mpaka anakufa hakula ndizi mbivu, tulikuwa tunadhani hazipendi tu.

Na zile saba saba, yale makombora yetu ya mfululizo ambayo Waganda waliyapa hilo jina, anasema zikianza kulia majeruhi walikuwa wanamshika mkono bila kujua kama ni zetu au ni za adui, na yeye kazi yake kuwaambia ni zetu, ni zetu, hata pale asipokuwa na uhakika.

Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Wao walikuwa wanachemsha maji ya kuoshea vifaa, mtu akaja anakimbia anasema imetangazwa redioni, Amini kwisha. Watu wakarusha kofia. Bibi anasema alimalizia kwanza kuchemsha maji maana kulikuwa na mtu mezani. Vita yenyewe ikaendelea mpaka mwanzo wa Juni kule juu kabisa West Nile, ila yeye akaanza kurudishwa nyuma kabla ya hapo na homa ya malaria.

Sasa daftari.

Pale kwenye kituo cha majeruhi alikuwa anaandika na penseli. Askari akiletwa anaongea, hasa hawa vijana wa huku kwetu wakisikia lafudhi yake, wanamuuliza dada wewe wa wapi, anawaambia Njombe, basi wanaanza salamu ya kwetu, kamwene, kamwene, wanalia. Wengine walipona wakarudi mstarini, hao hakuwaandika. Aliwaandika ambao aliona hawatarudi. Jina, kijiji, jina la mama, na neno moja walilotaka lifike nyumbani. Majina 19. Kuna mmoja ameandika "mwambie kaka auze baiskeli anunue ng'ombe, asinunue redio". Mwingine "mama asikae nje usiku kunisubiri". Mwingine hakuna ujumbe, kaandika tu "anaimba".

Waheshimiwa, hakuna aliyemtuma. Jeshi lilikuwa na utaratibu wake wa kutoa taarifa kwa familia na sisemi haukufanya kazi. Ila bibi aliporudi, kabla hata hajaolewa, alizunguka. Kwa miguu, kwa malori ya mahindi, kwa treni ya TAZARA pale ilipowezekana. Ilembula, Igawa, Chimala, Makambako, Malangali, mpaka Tukuyu kwenye mvua zile ambazo haziishi. Mwaka 1980 na 1981 ambapo sukari hakuna, sabuni hakuna, nchi nzima inafunga mkanda ile miezi kumi na nane ya Mwalimu iliyogeuka miaka, yeye anabisha hodi kwa watu anasema mimi nilikuwa na mwanenu. Akimaliza anaweka tiki pembeni ya jina. Sehemu moja walimfukuza na mbwa wakidhani ni mchumba anataka mali. Sehemu nyingine mama wa marehemu alimlaza kitandani kwake siku tatu hakutaka aondoke.

Na huku nyumbani kijijini, wenyewe mnajua maneno ya watu. Mwanamke kaenda kuishi na wanaume porini, atazaa kweli huyu? Mahari yake ilishuka, hii alikuwa anaisema anacheka, anasema mimi nilipigana vita nikauzwa bei ya mbuzi. Wanaume waliotoka vitani wakirudi wanakaa kilabuni wanakunywa ulanzi wanasimulia, kila mwaka kwenye masimulizi adui wanaongezeka. Yeye angesimuliaje, na wapi? Mwanamke hakai kilabuni. Babu yetu seremala ndo alimuoa, mtu mpole, alimtengenezea rafu ya dawa, na bibi akafanya kazi miaka mingi kama msaidizi kwenye zahanati ya kijiji kabla hawajahamia huku Uyole kufuata mashamba. Nusu ya watu wazima wa kile kijiji yeye ndo alikata kitovu chao. Hiyo nayo inatosha barua yake, tuiache.

Turudi kwenye ofisi. Baada ya ile ya hema nikasema hapana, nikaenda kufuatilia bibi aingizwe kwenye orodha ya wapiganaji wa eneo letu, ile ya kualikwa tu. Sikwenda kudai hela. (Hela ingekuja tusingeitupa, tusidanganyane, ila sio ndo niliyoifuata.) Nikabeba karatasi zake zote kwenye bahasha ya kaki. Ofisi ya kwanza wakasema hizi zinaonyesha Mkoa wa Iringa, nenda Iringa. Kwa sababu wakati ule Njombe ilikuwa wilaya ya Iringa, mkoa wa Njombe umezaliwa 2012. Nikawaelewesha. Wakasema basi nenda Njombe. Kule nako wakasema bibi anaishi Mbeya, arudi Mbeya. Nauli ya Uyole mpaka Njombe na kurudi, mara tatu, mimi nauza viazi Mwanjelwa, hesabuni wenyewe magunia.

Mara ya mwisho kijana mmoja kwenye kompyuta, akasoma ile karatasi ya kupangiwa akaniambia dada hii itakuwa feki. Kwa nini? Anasema Tanzania haina mkoa unaoitwa Ziwa Magharibi. Jamani! Nilitaka kucheka nikashindwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi pale nje anakula karanga. Nikatoka nikamwambia wanasema ulikopigana hakupo. Akatafuna, akameza, akasema kulikuwepo, nilitembea kwa miguu.

Simlaumu sana yule kijana, kazaliwa juzi, shuleni hiyo vita wanaisoma kwa kupitia tu wakikimbilia mtihani. Nawalaumu nyie mlio juu yake. Mtu anayeshika faili za wapiganaji wa 1978 anatakiwa ajue mikoa ya 1978, hilo nalo ni gumu? Karatasi moja tu ya ukurasa mmoja ibandikwe ukutani: Ziwa Magharibi ni Kagera, Njombe ilikuwa Iringa, Songwe ilikuwa Mbeya. Naweza kuwaandikia mimi bure.

Oktoba 2024 alipofariki Jenerali Musuguri, yule aliyeongoza Divisheni ya 20 vitani, mzee wa miaka 104, taarifa ya habari ilitukuta tunakula. Bibi akaweka tonge chini, akasimama mbele ya tivii, akapiga saluti. Ugali ukapoa. Jenerali alizikwa kwa heshima zote Butiama na ndivyo ilivyotakiwa, hakuna mwenye kinyongo. Ila nilimwangalia yule mwanamke pale sebuleni nikajiuliza huyu akiondoka nani atasimama. Miezi michache mbele nikapata jibu. Alikuja mwenyekiti wa mtaa, akaja mchungaji, wakaja mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kwenye wasifu uliosomwa, mtu aliyeuandika kwa haraka akaandika "marehemu aliwahi kufanya kazi jeshini kama muhudumu". Muhudumu! Kama vile alikuwa anapeleka chai ofisini. Mimi nilisimama nikaomba kipaza sauti nikasoma majina 19 kutoka kwenye daftari. Kulikuwa kimya, alafu mzee mmoja nyuma ambaye hatukumjua akasema kwa sauti, huyo wa saba ni kaka yangu.

Huku kwetu nyanda za juu sisi sio wageni wa kukumbuka. Fuvu la Mkwawa lilikaa Ujerumani zaidi ya miaka hamsini na likadaiwa mpaka likarudi Kalenga 1954. Iringa mjini kuna mnara wa askari na kuna makaburi ya vita ya Waingereza yanafyekwa majani. Kidugala, karibu kabisa na kwao na bibi, kuna makaburi ya Wapoland, wengi wanawake na watoto, waliokimbizwa na vita vya Hitler wakaletwa huku kuishi. Watu wanatoka Ulaya kuja kuyaona. Na Songea kule makumbusho ya Majimaji hawakumficha Nkomanile eti kwa sababu ni mwanamke, aliyenyongwa na Wajerumani 1906 pamoja na wanaume, anatajwa kwa jina. Kwa hiyo msiniambie hatuna utamaduni huo, tunao. Wa 1906 tunamjua kwa jina, na wa 1979 ambaye alikuwa ananunua dagaa Soko la Uyole mnamtafutia hema.

Ninachoomba sio kikubwa. Wanawake waliokwenda ile vita walio hai sasa hivi wa chini kabisa wana miaka 60 na kitu, wengi 70 na kuendelea, wakunga, wauguzi, waliokuwa kwenye mawasiliano, waliokuwa mgambo, na ndio, na wapishi. Tumeni vijana wenye simu tu, simu hizi hizi, wakae nao jikoni wawarekodi. Jikoni, msiwaite ukumbini, ukumbini watasema "tunashukuru serikali" alafu watakaa chini. Na kwenye ile sherehe yetu, pale kwenye mnara zinapowekwa silaha, mkuki na ngao, sime, upinde, shada la maua, huwa kuna shoka, na shoka kila mwaka analiweka mzee. Mwaka mmoja tu mpeni bibi aliweke. Shoka bibi zetu wanalijua vizuri kuliko wazee, wao ndo wanaokata kuni.

La mwisho ndo kubwa kwangu. Kwenye daftari majina 16 yana tiki. Matatu hayana, na yalimsumbua mpaka wiki ya mwisho, alikuwa ananiambia kuruta kazi haijaisha. Kumbukumbu za jeshi mnazo nyie, sisi hatuna. Penseli imeanza kufifia, ukurasa mmoja nausoma kwa kuugeuzia dirishani. Wa kwanza kaandikwa anatoka Matamba, na ujumbe ni wa deni la mbuzi. Wa pili ni Rungwe, bila kijiji, jina la mama lipo. Wa tatu ni yule aliyekuwa anaimba, hana kijiji wala wilaya, bibi kaandika tu "kwao wanalima pareto, nyumba iko juu ya barabara, kuna mti mmoja". Nimeshaanza kuuliza kwa wachuuzi wanaoshuka na viazi kutoka milimani kila Jumanne, nyumba iko juu ya barabara, kuna mti mmoja, mpaka sasa hakuna anayeijua.